Nani Alizima Moto

Watu wa nje hudhani kwamba kwa kuwa tulikuwa na chama kimoja na Rais mmoja, basi tulikuwa na sheria moja. Aka! Wangekuja Kindu wakaajiri watu watano tu, wangejua. Rais alikuwa yule yule ukutani na kofia yake ile ile ya chui, lakini wakubwa waliotumwa kwetu kwa jina lake walibadilishwa kila mara, na kila aliyeshuka kwenye ndege alishuka na sheria yake mfukoni. Huyu alisema mwajiri ni baba wa wafanyakazi wake. Aliyemfuata akasema mwajiri ni mnyonyaji, achungwe. Wa tatu akasema hakuna tena mwajiri wala mwajiriwa, sote ni watu wa chama, kisha makosa yote akayadai kwangu peke yangu. Mimi nilikuwa na bulanjeri, yaani kiwanda cha mkate, na nilikuwa mjane. Tena nilikuwa mwoga. Nasema wazi, sioni haya, maana wengi waliokuwa mashujaa wakati ule siwaoni tena.

Bulanjeri aliniachia marehemu mume wangu. Ilikuwa mtaa wa Kasuku, si mbali na stesheni, kwa sababu unga wa ngano ulitufikia kwa treni kutoka kusini, treni ikipenda. Tanuru alilijenga mwenyewe kwa matofali, na alilisifu kuliko alivyonisifu mimi. Walifanya kazi humo watu watano: fundi wa tanuru, ambaye yeye na mume wangu walianza pamoja tangu ujana wao, wakandaji wawili, mama mmoja wa kuuza dirishani, na mzee wa kuni, aliyevuka mto Lualaba kila asubuhi kwa mtumbwi kwenda kuchukua kuni Alunguli.

Wakati wa mume wangu tulifunga Ijumaa. Halafu akaja inspekta wa kazi, mtu mwenye kalamu tatu kifuani, akasema siku ya kupumzika kisheria ni siku ya yenga, yaani Jumapili. Sawa, tukahamia yenga. Halafu chama kikachukua Jumamosi asubuhi kwa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka nyasi na kuzoa takataka barabarani, na watu wangu wakawa wanashika mapanga wakati unga unawangoja. Nikaenda ofisini kuuliza ni nani nimtii, inspekta au chama. Mtu wa mezani akanitazama kama niliyetapika mbele yake. Sikuuliza tena. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Na nilikuwa na sababu ya kuogopa. Jirani yangu, Mgriki wa duka la vitambaa, aliamka asubuhi moja akiwa mwenye duka. Jua halijatua, alikuwa mgeni mlemle dukani. Serikali ilikuwa imesema biashara za wageni zipewe wana wa nchi. Yule mwana wa nchi aliyepewa aliuza vitambaa, akauza meza, akauza hata milango. Wafanyakazi wake walikuja kwangu kuomba kazi, na sikuwa nayo. Waliniambia, weye usiogope, weye ni wa hapa hapa, haikuhusu. Lakini mchovya asali hachovyi mara moja. Tangu siku ile, kila gari la serikali lilipopunguza mwendo mbele ya mlango wangu, niliacha ninachofanya mpaka lipite.

Kulikuwa na jambo lingine lililonikosesha raha, nalo lilikuwa ndani ya nyumba. Kila mahali pa kazi palitakiwa pawe na mtu wa chama miongoni mwa wafanyakazi. Kwangu alichaguliwa mkandaji mmoja, kijana mrefu wa kutoka Butembo, mtu wa kanisa, mpole, asiyesema sana. Asubuhi alikanda unga wangu, na mwisho wa juma alikwenda kuripoti. Aliripoti nini? Sikujua, na sikuthubutu kumwuliza. Nilimpa kazi mwenyewe, kisha nikawa namwogopa. Nikimkemea kwa unga uliomwagika, baadaye namtafutia kipande cha samaki ili asahau.

Sasa niseme desturi yetu, maana ndiyo iliyotuponza. Kwetu, watu wakifanya kazi pamoja mbele ya moto mmoja, wamekuwa ndugu. Akifa mmoja wao, moto wa kazi hauwashwi mpaka siku ya tatu, hitima ikishasomwa. Kama aliyekufa ni wa kanisa, tunangoja hivyo hivyo mpaka matanga yaondolewe. Mume wangu aliikuta desturi hii kwa baba yake, na baba yake aliikuta kwa wengine. Haikuandikwa popote. Ukiwasha moto wakati mwenzako ndiyo kwanza amelazwa udongoni, watu watasema umekula matanga yake. Hata kijana wa Butembo, ambaye kwao hawana hitima, aliifuata bila kufundishwa.

Basi. Tukaambiwa kwamba mgeni mkubwa anakuja kutoka Kinshasa, na kwamba mkate wa karamu utatoka kwangu. Mjumbe aliyeleta habari hakuniomba, alinijulisha. Niliagiza kuni mara mbili ya kawaida. Mzee wa kuni akavuka mto akiwa na homa, na mimi sikujua, hakusema. Aliporudi alikuwa anatetemeka meno. Akajilaza nyuma ya tanuru, mahali penye joto, akaomba maji. Fundi alimpelekea maji, akarudi na kikombe kimejaa, akakiweka mezani polepole. Nikajua.

Mzee yule alikuwa mtu wa Punia. Ndugu zake walikuwa huko porini, na barabara ya Punia mnaijua, haipitiki. Alilala uani kwangu tangu mume wangu yuko hai, kwa hiyo matanga yake yangekuwa wapi kama si uani kwangu? Ubao wa kuoshea maiti ukaletwa kutoka msikitini, majirani wakaja na mikeka, na alasiri tukamzika. Tuliporudi kutoka makaburini, unga ulikuwa umeanza kuumuka kwenye sanduku, na karamu ilikuwa kesho yake.

Nilitaka kusema neno. Wallahi nilitaka. Nilisimama mbele ya fundi wa tanuru, nikafungua mdomo, nikaona macho yake mekundu, nikaufunga. Yeye naye alinitazama akingoja niseme, na nilipokaa kimya alikwenda kuketi na wenzake. Hakuna aliyetoa amri. Sikusema "washeni" wala sikusema "msiwashe", na wao hawakuniambia hapana. Tanuru lilipoa lenyewe, kama lilivyopoa siku mume wangu alipokufa.

Nilimtuma kijana wa Butembo, kwa kuwa ndiye mtu wa chama, aende ofisini akaeleze kwamba tumefiwa na mkate hautakuwapo. Alirudi akasema wakubwa wote wako uwanja wa ndege wanafanyisha watu mazoezi ya nyimbo za kumpokea mgeni, na kwamba habari ameiacha kwa mlinzi. Nikamwuliza mlinzi alijibu nini. Akasema mlinzi alijibu, "Pole." Usiku ule nilihesabu vigae vya paa mpaka adhana ya alfajiri. Nilikuwa najiuliza kama kweli alikwenda.

Mgeni akaja, akaimbiwa, akala wali na ndizi za kukaanga. Karamu bila mkate. Inasemekana aliuliza kama Kindu hakuna bulanjeri, akacheka. Yeye alicheka tu, lakini kicheko cha mkubwa kikianguka chini, wadogo huokota kisu. Siku ya tatu, hitima imefika katikati, jandarme, askari wa serikali, wakaingia uani na viatu vyao juu ya mikeka yetu. Msomaji alinyamaza. Wakatutaja mmoja mmoja: mimi, fundi, wakandaji wawili, mama wa dirishani. Nilipoinuka, mama wa dirishani akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

Aliyetuhoji alikuwa naibu wa mkubwa wa mji. Alikuwa kijana kiasi, amevaa suti ya abakosi iliyopigwa pasi vizuri na beji yenye picha ya Rais kifuani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele, ningejua mahali pa kujificha. Alinikaribisha kitini, akaniita sitwayene, yaani mwananchi, kama ilivyokuwa lazima wakati ule, hata mama mzazi aliitwa hivyo ofisini. Akanieleza taratibu, kama mwalimu.

"Sitwayene, mbele ya sheria, kazi inasimamishwa na watu wa namna mbili tu. Wafanyakazi wakiisimamisha, njo greve. Patroni akiisimamisha, njo sabotaje. Hakuna ya tatu. Sasa niambie: nani njo alizima moto?"

Nikamwambia tulikuwa na matanga. Akasema sheria inajua matanga, inampa mfanyakazi siku zake akifiwa na mzazi, mke, mume au mtoto. Akaniuliza maiti alikuwa mzazi wa nani kati yetu. Nikasema si mzazi wa yeyote.

"Basi alikuwa ndugu ya nani?"

"Ya sisi wote," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ikanitia hofu kuliko kitu chochote. Akanifafanulia kilichokuwa mbele yangu. Nikikubali kwamba ilikuwa greve, yaani mgomo, watu wangu wanne watalala gerezani siku hiyo hiyo, na mimi nitaruhusiwa kuajiri wengine. Nikikubali kwamba nilizima mimi, kwamba ni sabotaje, yaani hujuma, nitalala mimi, na bulanjeri itapewa mwana wa nchi mwenye moyo wa kazi. Nikajua mara moja kwamba mwana wa nchi huyo alikuwa na jina, na huenda alikuwa ameshapima ukubwa wa tanuru langu kwa macho.

Nikatolewa nje kwenye benchi la ukumbini, nikaambiwa nifikiri. Wakaingizwa wao, mmoja mmoja, na mlango ulikuwa wa mbao nyembamba. Kila neno lilinifikia. Fundi wa tanuru aliulizwa nani alizima moto. Akasema kwa sauti yake ile ya kukwaruza, "Maiti." Mkandaji wa kwanza akasema hajui kitu, ila moto hauwaki wakati wa kilio, kwa hiyo ni maiti. Mama wa dirishani alilia, lakini alipolia alisema vile vile. Hatukuwa tumepatana. Nani angepatana na nani, tulikuwa mikekani tunasoma?

Akabaki kijana wa Butembo, mtu wa chama. Alipopita mbele yangu hakunitazama. Nilisikia naibu akimwita kwa upole, akimwambia kwamba yeye si kama wale wengine, yeye ni jicho la chama, basi aseme alichokiona. Nilikumbuka unga wote niliomkemea. Nilikumbuka kila neno baya nililosema juu ya salongo mbele yake. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, nikapotea katikati, mimi niliyeisoma tangu utoto.

"Mukubwa," akasema kijana, "mimi njo nilitumwa hapa kueleza. Hamukuwako. Kuhusu moto, hakuna muntu mwenye alizima. Njo maiti."

"Maiti haifungwi gerezani," akasema naibu.

"Njo vile, mukubwa."

Halafu nikasikia kiti kinasukumwa, na naibu akasema kwamba kwa kuwa maiti ina mdomo mwingi hivyo, walio hai wote watalala ndani mpaka mmoja akumbuke. Fundi alikuwa na watoto nyumbani. Mama wa dirishani alikuwa ananyonyesha, na kifua chake kilikuwa kimeshalowa. Nilisimama. Nilikuwa nimeamua kusema ni mimi, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nisingeweza kumtazama mke wa fundi usoni maisha yangu yote. Lakini kabla sijafika mlangoni nilisikia fujo huko nje.

Ilikuwa mama yangu mzazi.

Mama yangu alikuwa mzee sana, magoti yamekwisha, alitembea kwa kushika kuta. Alikuwa ameomba abebwe kwa baiskeli kutoka mtaa wa Mikelenge. Akashuka mbele ya ofisi ya serikali, akatandika mkeka wake chini ya mlingoti wa bendera, akakaa, akatoa tasbihi. Mlinzi alimfukuza. Akasema hasikii. Mlinzi akarudia kwa sauti kubwa. Akasema macho pia hayaoni. Na nyuma yake, wakatokea wanawake wa mtaa wetu, mmoja na mkeka, mwingine na sufuria ya maji, na msomaji wa hitima na kitabu chake, wakaketi pale pale. Walikuwa wameyahamisha matanga.

Mnisikilize vizuri. Kwa watu wa kwetu, awe Mwislamu, awe wa kanisa, awe mtu wa chama hata kwenye mifupa, matanga hayaletwi mlangoni pa mtu asiyefiwa. Ni kumwitia kifo. Nimeona watu wakihama nyumba kwa jambo dogo kuliko hilo. Naibu alitoka barazani akitaka kufoka, akaona mikeka, akasimama. Akamwuliza mama yangu anafanya nini.

"Mulitutoa kwa matanga, mwanangu," akasema mama bila kuinua macho. "Hatukumaliza. Tutamalizia hapa."

Mgeni wa Kinshasa alikuwa bado yuko mjini, na muda si mrefu bendera ingeshushwa, kila mtu barabarani angesimama wima, isipokuwa kikongwe mmoja asiye na magoti. Naibu alihesabu hayo yote, nilimwona akihesabu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Nikatambua kwamba hata yeye alikuwa anaogopa, yeye naye alikuwa na mkubwa wake, na mkubwa huyo alikuwa na wake, mpaka juu kwenye kofia ya chui. Kutambua hivyo hakukunituliza hata kidogo. Mtu mwenye woga na mamlaka anaweza kufanya chochote.

Akaturudisha ndani haraka. Akaandikisha karatasi kwa taipu. Ilisema kwamba mimi, mwajiri, najifunga mbele ya serikali na chama kwamba tangu siku hiyo moto wa bulanjeri hautazimwa siku yoyote ya kazi kwa sababu ya msiba, hata afe nani. Na nikivunja, bulanjeri itachukuliwa bila kesi. Akanipa kalamu. Nilisaini kabla wino wa herufi haujakauka. Wakatuachia. Mama alisubiri mpaka dua ya mwisho, ndipo akakubali kuinuliwa.

Njiani aliniuliza nimesaini nini. Nikamwambia. Akajiweka sawa juu ya ile baiskeli, akasema, "Haya. Basi itanipasa nife siku ya yenga, nisikuletee shida." Akacheka peke yake. Mimi sikuweza kucheka.

Tangu hapo tulizika kwa zamu. Mama wa dirishani alipofiwa na mtoto wake yule aliyemnyonyesha, alikwenda yeye na mmoja wetu, wengine wakabaki kazini na nyuso zao chini. Mkate ulitoka. Watu wa mtaa waliununua, maana njaa haina matanga, lakini hawakukaa kupiga soga dirishani kama zamani. Na mimi nikawa mtu wa kuchungulia moshi. Nikiwa sokoni nachungulia moshi. Nikiwa kwenye sala, Mungu anisamehe, sikio langu liko kwenye kuni.

Mama yangu hakufa siku ya yenga. Alikufa Jumanne, kiangazi, mapema asubuhi, akiwa ameomba chai. Tulimlaza kwangu, chumba cha nyuma, ukuta mmoja na bulanjeri. Nikaketi na wanawake, kichwa nimefunga kikwembe, nikawa sioni kitu. Fundi wa tanuru akaja akachutama mlangoni. Hakuuliza. Mimi nilijua anataka nini, naye alijua ninajua. Nikitamka "washa", nitakuwa nimeikana maiti ya mama. Nikitamka "acha", naibu bado yuko mjini na karatasi iko mezani kwake. Nilimtazama fundi, machozi yakanitoka, sikutamka. Aliinuka akaondoka.

Wanawake wa kuosha walikuwa wamemaliza kumfunga sanda harufu ilipoingia. Mkate wa moto. Harufu ile iliyonilisha maisha yangu yote, ikapita juu ya udi na karafuu maiti, ikajaa chumba. Mama yangu mdogo, mdogo wake marehemu, aligeuka akanitazama.

"Hata leo?" akauliza.

Nilitaka kumwambia kwamba si mimi. Walikuwa wamejikusanya, fundi na kijana wa Butembo na wengine, wakawasha wenyewe kwa ajili yangu, nisichukuliwe. Baadaye nilisikia kwamba walikanda unga wakilia, na mama wa dirishani hakufungua dirisha, alipitisha mikate chini kwa chini, uso umefunikwa. Lakini pale, mbele ya maiti, ningesema nini? Niliinamisha kichwa. Mama mdogo akavuta kanga yake puani, na wengine wakafanya vile vile, mmoja baada ya mwingine, mpaka jeneza lilipotoka.

Mwaka haukuisha, wakubwa wakabadilishwa. Naibu akapelekwa sijui wapi, Kampene au mbali zaidi, na wakaja wapya na maneno mapya: sasa ni kurudi kwenye sheria, sasa ni haki za mfanyakazi. Inspekta mpya alitoka Bukavu. Alikuwa mtu wa miwani, mwenye adabu, aliniita "mama". Nilimkaribisha ndani. Alikagua mizani, akakagua choo, akauliza watu wangu wanapumzika lini. Halafu akauliza kuhusu siku za msiba. Nikamletea nakala ya ile karatasi, nikijivuna kidogo kwa ndani kwamba safari hii nimejikinga vizuri.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Nani alikusainisha hii?"

Nikamweleza. Akasema karatasi ile haina nguvu, haijawahi kuwa nayo hata siku moja. Akasema siku za msiba ni za mfanyakazi, mwajiri hana ruhusa kuzifuta kwa saini yake. Na kama mahali pa kazi pana desturi ya zamani iliyokubaliwa na wote, hiyo nayo inaheshimiwa. Tungeweza kufunga siku zile tatu. Tungeweza kila mara. Kisha akaniandikia onyo, kwa sababu ya yule mama wa dirishani na wengine, kwamba mimi mwajiri niliwanyima wafanyakazi haki yao. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana. Akanisalimia kwa mikono miwili, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama katikati ya bulanjeri. Watu wangu walikuwa wamesikia. Kijana wa Butembo alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, mikono imening'inia. Niliwaza kwamba inspekta huyu naye atabadilishwa. Atakuja mwingine, labda baada ya mvua, labda kesho, na sheria hii iliyo upande wetu itarudi mfukoni ilikotoka. Niliogopa. Nikashika ukingo wa meza.

Nikamwambia fundi asitie kuni tena. Akadhani hakusikia vizuri. Nikarudia: avute makaa yote nje, aliache tanuru lipoe.

Aliweka chini kigogo alichokuwa nacho. "Nani amekufa, mama?"

"Mama yangu," nikasema.

Kisha akachukua chuma cha kuvutia makaa, na mama wa dirishani akaenda kufunga dirisha, na kijana wa Butembo akanawa mikono, akatoka kwenda kuazima mikeka.